Picha ya Meya kwenye Meza ya Wafu

Niambieni kwanza, nyinyi mliokaa hapo mkijifanya wapole: mtu akikufungia geti la makaburi usilione kaburi la baba yako, kisha siku moja akaja kwako anachekacheka, anataka kura, utampa mkono, au utampa kamba ajifunge mwenyewe? Msinijibu upesi. Sikilizeni.

Katika tambarare za mahindi za Marekani palikuwa na mji mdogo ukiitwa Larkin Bend. Kiwanda chake cha nyama kilikosa watu, maana watoto wa wenyeji walikimbilia miji mikubwa wasinuke damu. Ndipo wakaja watu wa Meksiko na Guatemala, wakashika visu. Mwanzoni dukani palikuwa na rafu moja ya tortilla, chapati zao za mahindi. Baadaye duka zima likawa lao. Kanisa lililokuwa lifungwe kwa kukosa waumini likajaa hadi barazani. Wakazaa, wakasomesha, na wale watoto, wazaliwa wa palepale na raia wa palepale, wakafika umri wa kupiga kura. Kila mtu aliliona hilo isipokuwa meya, Garth Pruitt. Kwake yeye wale walikuwa mikono tu, na mikono haina mdomo.

Kati yao walikuwapo watatu wenye vipaji. Doña Chayo, mwoka mikate, aliweza kupanga meza mpaka aliyeshiba akatamani kuanza upya. Nereo Zúñiga, mtangazaji wa redio ya Kihispania, alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Na Itzel Barrientos alikuwa na digrii, lugha mbili, na hasira isiyosinzia.

Hasira ya Itzel ilikuwa na sababu, tena ilikuwa na anwani. Baba yake, Don Fermín, alifia kazini kiwandani. Kwa desturi yao, Siku ya Wafu ikifika Novemba, jamaa huenda makaburini na mishumaa, mikate na maua ya manjano, wakala pamoja na marehemu wao. Pruitt akapiga marufuku. Chakula makaburini huleta panya, alisema, na siku hiyo geti likawa linafungwa kwa mnyororo. Kila mwaka mama yake Itzel alisimama nje, amekumbatia maua, akizungumza na mumewe kupitia nondo kama mtu aliyekwenda kumtazama mfungwa.

Itzel mwenyewe alipokwenda ofisi ya mji kuomba kazi, Pruitt alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Kwa ufagio umesoma mno," alisema. "Kwa meza, jina lako gumu mno." Akacheka. Itzel alikimeza kicheko kile kama mwiba wa samaki, kikakwama palepale kooni.

Uchaguzi ukakaribia. Wapambe wakamnong'oneza meya kwamba nusu ya wapiga kura sasa wana majina asiyoweza kuyatamka. Lo! Ghafla kila mwenye nywele nyeusi akawa "amigo", rafiki. "Nataka hiyo sherehe yenu ya wafu," akasema. "Ifanyeni hapa, ukumbi wa mji. Tupigwe picha." Na makaburi? Aa, hayo yabaki na mnyororo wake. Akamwita Itzel amtafsirie. Bure, of course. Msomi asiye na ajira kazi ya bure haimkosi.

Basi Doña Chayo akaandaa ofrenda, ndiyo meza ya wafu, yenye ngazi na vitambaa vyake. Akapanga picha za marehemu, Don Fermín akiwamo. Akaweka mikate, chumvi, na bilauri ya maji, kwa kuwa safari ya kutoka ahera ina kiu. Lakini katikati, mahali pa heshima, aliacha pengo, akalizungushia maua mazuri kuliko yote.

"Doña, hapo ni pa nani?" Itzel akauliza.

"Pa mpumbavu, mija, binti yangu," mama yule akajibu akipangusa unga mikononi. "Pengo zuri halikosi wa kulijaza."

Nereo naye akaingia hewani, akamlainisha meya kama anavyolainishwa ng'ombe kabla ya kisu. Akamsifu asubuhi, akamsifu jioni, kisha akamfuata ofisini kwa Kiingereza chake cha kubahatisha: "Mheshimiwa, mji wote una hamu ya kukuona kwenye meza ile." Uongo uko wapi hapo?

Siku ikafika. Pruitt akasimama mbele ya meza, akalitazama lile pengo kama mtoto anavyotazama keki.

"Hapa anawekwa nani?"

"Mtu ambaye mji umeamua kumkumbuka," Itzel akasema.

"Kwa heshima?"

"Kwa maua na machozi, sir."

Kila neno lilikuwa kweli. Alibakiza moja tu mdomoni, akaling'ata kwa meno: marehemu.

Pruitt hakungoja. Akaenda ofisini kwake mbio, akaitungua picha yake ukutani, ile yenye fremu ya dhahabu, akaja kuipachika kwa mikono yake mwenyewe, ubavuni pa Don Fermín. Nereo akashika maikrofoni: "Damas y caballeros, mabibi na mabwana, meya wetu ametutangulia. Que en paz descanse!" Yaani apumzike kwa amani.

"Que en paz descanse!" ukumbi ukaitikia, watu wameziba midomo kwa leso, mabega yakiwatikisika.

Pruitt akadhani wanalia. "Beautiful!" akasema. "Wanasemaje?"

"Wanakutakia mapumziko mema, sir," Itzel akamjibu. "Marefu."

Koo likamkauka meya kwa furaha. Akanyoosha mkono mezani, akaitwaa ile bilauri, akayanywa maji ya wafu hadi tone la mwisho. Doña Chayo akafanya ishara ya msalaba.

Kifo cha wengi harusi, husema Waswahili. Kifo cha huyu mmoja, tena angali hai, kilikuwa karamu. Kicheko kikaingia kila jiko la mji. Siku ya kura ilipofika, watu waliokuwa hawapigi kura kwa woga wakatoka na nguo za kanisani. "Mnakwenda wapi?" "Mazishini! Maiti haijiziki." Wakamzika Pruitt kwa karatasi za kura, na mwiba ukamtoka Itzel kooni.

Akaingia meya mpya, Efraín Saldívar, mtoto wa nyumbani, aliyekulia mikate ya Doña Chayo. Akatangaza kwamba makaburi yatapata msimamizi mwenye ofisi, mshahara na ufunguo, na ndiye atakayeingia na mshumaa wa kwanza. Nafasi ni moja. Apewe aliyemwangusha Pruitt.

Hapo ndipo chai ilipoingia chumvi.

"Bila pengo langu," akasema Doña Chayo, "picha mngeiweka wapi? Vichwani mwenu?"

"Pengo halisemi, comadre," akadakia Nereo. "Mimi ndiye niliyemleta, na mimi ndiye niliyemswalia."

"Na nyinyi mngemjibu kwa Kiingereza gani, hicho cha kuagizia soda?" Itzel akawaka. "Neno langu moja lingemwokoa. Nililizuia! Tena baba yangu yumo mle ndani."

"Na mume wangu marehemu yuko wapi? Hotelini?" Doña Chayo akamkatiza.

Saldívar akakuna kidevu. "Tuunde kamati," akasema. Kamati ikakaa, ikanywa kahawa, ikaahirisha. Novemba ikarudi, mnyororo uko palepale. Kilichobadilika ni kufuli, jipya, linang'aa.

Mama yake Itzel akasimama nje ya nondo na maua yake. "Mija," akauliza, "si tulishinda?"

Itzel akalishika lile kufuli jipya, akalivuta kwa nguvu, halikulegea. Doña Chayo akamsogelea, akamnong'oneza sikioni: "Mezani bado kuna pengo."

Je, wewe ungeamua vipi? Ufunguo ungempa aliyeandaa mtego, aliyemwita windo, au aliyenyamaza windo likaingia?

Na wewe Saldívar, pamoja na kamati yako, hili si swali, ni amri. Fungueni geti leo! Nani anastahili, tutagombana tukiwa ndani, karibu na watu wetu. Ukikawia, picha yako tumeiona ilipo: umeitundika kwenye msumari uleule wa Pruitt.