Jumamosi ya Mchome

Tetea Jumamosi ya jirani, Ijumaa yako ipone. Mmeusikia leo sokoni, mkadhani ni msemo wa vijiweni. Wapi! Ulitoka kinywani mwa babu yenu, mume wangu Mbwana, na kabla haujatoka alinitia hasira kweli kweli. Kaeni niwaambie ulivyoanza.

Babu yenu aliuza tangawizi soko hili hili la huku milimani Upareni. Kizimba cha ubavuni mwake kilikuwa cha Elihaki Mchome, Msabato, naye muuza tangawizi. Ijumaa babu yenu akienda msikitini, Mchome alimwangalizia mali na kumpimia wateja. Jumamosi, siku ya gulio, Mchome alifunika meza yake kwa turubai akaenda kusali, na wanunuzi wote wakamwangukia babu yenu. Waliishi hivyo miaka, bila ugomvi.

Akaja diwani mpya na sheria ndogo yake: kizimba kikikutwa hakina muuzaji saa za soko, kinapewa mtu mwingine. Mchome akaonywa kwamba Jumamosi ijayo asipofungua, hana chake. Na meza ile ndiyo iliyolisha nyumba yake! Nikamwambia babu yenu, "Nenda ukamsemee mwenzio." Akanijibu, "Mama Mwanaidi, hayo ni ya Wasabato na diwani. Mimi yananihusu nini?"

Loo! Nilimtengea ugali bila kumsemesha.

Ijumaa ikafika. Babu yenu akavaa kofia akaenda zake msikitini kama kawaida, hata asifikirie kwamba sheria inamtazama na yeye. Mgambo wakapita na kopo la rangi nyekundu, wakitia alama vizimba vya kunyang'anywa. Muuza nyanya wa mbele yao ndiye aliyetusimulia.

"Mtu mmoja, vizimba viwili," mgambo akamwambia Mchome. "Wewe ni muuzaji wa kipi? Chagua."

Mchome akaitazama meza yake. Kisha akahamia upande wa pili, akashika mizani ya babu yenu. "Mimi ni wa hiki," akasema. "Kile hata leo kikipona, kesho mtakichukua."

Babu yenu aliporudi, meza ya Mchome ilikuwa na alama nyekundu, yake haina hata doa.

"Elihaki, kwa nini hukukaa kwako?"

"Uliniachia amana, Mbwana."

Babu yenu alilia. Mtu mzima na ndevu zake, katikati ya soko! Halafu akashika njia ya ofisi ya diwani, na soko zima likamfuata nyuma.

"Mbwana, wewe wa kulalamika?" diwani akashangaa. "Si wewe unayefaidi Jumamosi?"

"Nimefaidi, ndiyo maana naona haya. Kumbe Jumamosi yake ikienda, Ijumaa yangu inafuata. Na wewe, mheshimiwa, ni mzee wa kanisa. Akija diwani mwingine akaigusa Jumapili yako, nani atakusemea? Tetea Jumamosi ya jirani, Ijumaa yako ipone!"

Diwani akakuna kichwa. "Hilo sikuliona," akasema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Mchome akarudishiwa meza siku ile ile, na baraza lilipokaa likaongeza kifungu: anayefunga kwa ajili ya ibada hanyang'anywi kizimba. Alhamdulillahi! Nilishusha pumzi, na babu yenu nikaanza kumsemesha tena.

Siku ya gulio, mnunuzi mgeni akaanza kufunua turubai la Mchome.

"Acha!" babu yenu akamkemea. "Mwenyewe yuko kanisani. Njoo kesho."

"Si hata wewe unauza tangawizi?"

"Ninauza. Lakini yake ndiyo nzuri. Njoo kesho!"

Nilicheka nikakaa chini. Mfanyabiashara gani huyo anayefukuza mteja? Lakini Ijumaa iliyofuata alisali ametulia, hana wasiwasi na mali yake, kwa kuwa alijua nani ameshika mizani. Ndiyo maana watu wa hapa husema: tetea Jumamosi ya jirani, Ijumaa yako ipone.