Kadi Iliyochemsha Uji

Leo, ndugu zangu, naomba tumsindikize mama mmoja mpaka ofisini. Wenye njaa vumilieni, safari yenyewe si ndefu.

Mama huyu alikuwa mchambuaji katika kiwanda kimoja cha kahawa. Kazi ile mnaijua: wanawake wanakaa mezani kutwa nzima, punje nzuri huku, mbovu kule, mpaka mgongo unakufa ganzi. Aliifanya miaka ishirini na miwili. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo ulikuwa mwepesi kuliko mikono. Hana dogo mama yule!

Kila mwisho wa mwezi walipanga foleni kwenye dirisha la karani wa mishahara. Mama akipewa bahasha yake anaifungua palepale, anahesabu, anakuta imepungua.

"Nyingine iko wapi?"

"Mama, hayo ni makato ya hifadhi ya jamii. Yanakwenda kwenye mfuko, utayakuta uzeeni."

"Uzeeni! Nani kakwambia nina mpango wa kuzeeka? Mwizi mkubwa wewe!"

Foleni nzima inaangua kicheko. Karani anainamisha kichwa, anaita mwingine. Ikawa ndiyo kawaida, kila mwezi unaokuja. Hata wakikutana njiani mama anageuza uso, kana kwamba aliyepita ni mbuzi.

Siku walipogawiwa kadi zenye namba za uanachama, wenzake walizifunga kwenye nailoni wakazificha masandukuni. Yeye alifika nyumbani akakuta kuni mbichi, moto haushiki. Akaitoa ile kadi, akasema, "Angalau leo mwizi atanisaidia," akawashia jiko. Uji ukachemka, watoto wakanywa. Namba yenyewe hata kuisoma hakuisoma.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikafungwa, mumewe akafariki, magoti yakaanza kugoma. Kisha upepo ukaezua bati la nyumba yake, ikambidi akakae kwa binti yake. Sasa mnisikilize vizuri: kwa binti ni kwa nani? Ni kwa mkwe! Kina mama mnacheka, mnanielewa. Mkwe alikuwa kijana mwema, hakumtamkia neno baya hata siku moja. Lakini mama atakula mpaka ashibe mbele ya mkwe? Atakwendaje bafuni mkwe amekaa uani? Hata kukohoa alikohoa kwa kujibana. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: arudi kwake, aezeke upya, alale chini ya bati lake.

Ndipo mwenzake wa zamani akamwambia, "Wenzio tunapokea pensheni. Wewe unangoja nini?"

Akaenda. Ofisini akapokewa na dada mmoja mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kadi yako. Kama huna, hata namba inatosha."

"Namba nimeisahau, mwanangu." Habari za jiko aliona haya kuzisema.

Dada akatafuta kwa jina, na hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa. Kwenye kitambulisho mama anaitwa Foibe, jina alilobatizwa ukubwani, tena kwa ubini wa mumewe. Kiwandani aliingia angali msichana, akaandikwa Manka, jina la nyumbani. Na kina Manka wa kiwanda kile walikuwa tele. Faili za kiwanda nazo zilishaliwa na mchwa.

"Mama, sikunyimi haki yako," dada akasema. "Ila bila namba siwezi kujua wewe ni Manka yupi. Ni nani aliyekuwa akiwajazia fomu kila mwezi? Kama yu hai, mtafute."

Mama akatoka pale. Aliyekuwa akijaza fomu si alimjua? Ndugu yangu, ingekuwa wewe, ungekwenda? Ungeanza na neno gani?

Siku tatu alizunguka na jambo hili moyoni. Ya nne akajifunga kanga, akaenda. Akamkuta karani barazani kwake, nywele nyeupe kabisa, anapukuchua maharage.

"Karibu, mama. Vuta kigoda."

Akakaa. Mama yule wa mdomo mwepesi akachukua maganda mawili, akaanza kupukuchua naye. Mwisho akajikakamua. "Nimekuja kwa ajili ya ile namba. Ya mfuko. Sijui kama una hata daftari..."

Karani hakuinuka kutafuta daftari. Huku mikono imo kwenye maharage, akaitaja namba, tarakimu ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kusita. Mama akamwomba arudie. Akarudia, ileile.

"Tulikuwa wanawake zaidi ya mia mbili," mama akasema. "Namba zote unazo kichwani?"

Karani akacheka. "Zote nitaziweka wapi? Ninayo ya kwako tu."

"Kwa nini ya kwangu?"

"Mama, kila mwezi uliniita mwizi mbele za watu. Nikishafunga dirisha sipati raha. Nafungua fomu upya, nalitafuta jina lako, naihakiki namba yako moja moja, nisije nikawa nimekosea tarakimu, nikawa mwizi kweli. Za wenzako niliziandika nikapita. Ya kwako niliisoma mara tatu kila mwezi, miaka ishirini na miwili. Nitaisahauje?"

Mama akalia. Akamshika mikono yote miwili. "Nisamehe, baba. Asante. Mungu akupe, asante."

"Ya kusamehe yako wapi? Subiri nikuandikie, uwahi kabla hawajafunga."

Namba ikaingizwa, na Manka akatokea: miaka yote ishirini na miwili, hakuna mwezi uliorukwa. Haikupita mvua ya masika, mama akarudi kwake chini ya bati jipya. Majirani wanasema asubuhi ya kwanza alikohoa mpaka akawaamsha.

Sasa, sisi. Kushukuru kwa tulichopewa mezani tunajua, mtoto wa miaka mitatu anajua. Lakini ni nani hapa ameshawahi kushukuru kwa alichokatwa? Mama yako alikunyima kwenda disko ukamwona adui. Mwalimu alikurudishia daftari uandike upya ukaenda kumtukana chooni, choo kizima kikakusikia. Na Mungu je? Hatujasimama dirishani kwake tukamuuliza, "Nyingine iko wapi?" Mimi nimemuuliza. Tena kwa sauti.

Sitakudanganya kwamba kila ulichokikosa kiko mahali kinakungoja. Kuna machozi humu ndani ambayo sithubutu kuyatolea maelezo. Ninachokijua ni hiki: siku ulipomrushia maneno, Mungu hakulifuta jina lako. Ulipokuwa unaunguza kadi, yeye alikuwa anahakiki namba. Wewe uliisahau, yeye, kwa kelele zako zilezile, ameishika kwa moyo. Tusimshukuruje Mungu wa namna hiyo?

Lakini msiondoke na amina nyepesi. Mama yule alikuwa na bahati: alipofika barazani, karani alikuwa hai. Karani wako wewe umeshamjua ni nani, nawaona usoni. Kama naye bado yu hai, leo ibada ikiisha usipange foleni kunipa mimi mkono pale mlangoni. Nipite tu, uende kwake.