Amka Ukalale

Mganga, hata awe na mkoba wa dawa mzito kama gunia la chumvi, siku homa ikimkamata yeye ni lazima mkono wa mwingine umguse paji la uso. Akitaka kuwa mgonjwa na mganga kwa wakati mmoja, mmoja wao atamdanganya mwenzake. Asiyeamini na amsikie Ekow Arhin.

Ekow alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja karibu na Cape Coast. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini akifungua kinywa hata ukuta ungecheka. Kila Jumatano alasiri aliongoza chama cha Uzima Kamili uani mwa bweni lao. Alifundisha kwamba mwanafunzi si kichwa kinachotembea: ana tumbo, ana usingizi, ana moyo, ana Mungu wake na ana wenzake, kimoja kikiteguka, vyote huchechemea.

"Wewe unayekula unga wa muhogo wa kuloweka asubuhi na jioni," alikuwa akimtania mmoja, "siku moja utaamka umeota majani masikioni!"

Kichekesho kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha Bwana Hasilali, mwanafunzi aliyekesha na vitabu mpaka akayumba na kuanguka puu kama mzigo. Hapo ua mzima ulipaza sauti: "Amka ukalale!" Naye Ekow aliinuka, akajipangusa vumbi na kuondoka akikoroma. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Baadaye, mmoja mmoja, walimfuata pembeni wakamtwika mizigo yao: huyu amefeli, yule ameachwa, mwingine hataki kuishi. Aliwasikiliza wote, na wengine aliwashika mkono hadi kwa mshauri wa wanafunzi.

Mwanzoni mwa muhula baba yake alifariki. Jumamosi akazika, Jumapili, kwa desturi ya kwao baada ya mazishi, akavaa nguo nyeupe kwenda kanisani kutoa shukrani, Jumatano akawa uani anachekesha. Watu wakasema, "Huyo ndiye mwanamume!" Aliyeona mengine ni Selorm, aliyelala naye chumba kimoja.

"Chale, rafiki yangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini, upepo? Sahani yako imejaa vumbi. Na usiku unageuka geuka kitandani kama samaki kwenye kikaango. Hebu twende kwa mshauri."

Ekow akacheka. "Mimi? Mimi ndiye ninayewapeleka watu pale, bwana. Wakiniona nimekaa kwenye benchi lile, Jumatano nani atanisikiliza?"

Wiki ya sherehe za bweni ilipokaribia, homa ikamwingia. Meno yalimgongana juani, na koti halikumtoka mwilini. Selorm akamshika mkono, akashtuka.

"Wewe unaungua! Zahanati iko hapo tu, twende."

"Sherehe ikiisha."

"Homa haisubiri sherehe, Ekow."

"Nimemeza panadoli. Usinitangaze, tafadhali. Ukimwambia mtu, sisi basi."

Selorm alipenda urafiki wao, akanyamaza. Kimya hicho atakibeba mpaka kaburini.

Siku ya sherehe ua ulifurika. Ngoma zikalia, akina dada wakapanda juu ya viti, na Bwana Hasilali akaitwa kwa vifijo. Ekow akajitokeza, macho mekundu kama pilipili, jasho likimchuruzika. Akayumba, wakacheka. Akaanguka puu!

"Amka ukalale!"

Hakuinuka. Mwili ukaanza kutetemeka, miguu ikipigapiga vumbi. Hilo lilikuwa jipya kwao, makofi yakazidi.

"Leo kazidisha, jamani!" dada mmoja akasema akifuta machozi ya kicheko. "Mpeni soda!"

"Amka ukalale! Amka ukalale!"

Selorm peke yake hakucheka. Aliwasukuma watu, akapiga magoti, akaona povu lenye damu mdomoni mwa rafiki yake. "Nyamazeni!" akapiga ukelele. "Nyamazeni, hachezi!" Ikachukua muda ngoma kunyamaza, kwani waliokuwa nyuma walidhani naye yumo katika mchezo.

Hospitalini daktari, mama wa makamo, alitoka chumba cha wagonjwa akiwa ameinamisha kichwa. Akawakuta vijana wamejaa ukumbini, wengine bado wana rangi za sherehe usoni.

"Wanangu, malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Tumejaribu, tumeshindwa. Poleni sana." Selorm akawageuzia wote mgongo, akatoka nje. Daktari akawatazama wengine. "Homa hii ilikuwa na siku nyingi. Mbona ninyi nyote mlikuwa marafiki zake, na hakumwambia hata mmoja wenu?"

Yule dada aliyeagiza soda akajibu kwa sauti ya chini:

"Sisi ndio tuliokuwa tunamwambia yetu, mama."

Ndani, muuguzi alikuwa akimfunika shuka kijana aliyewaponya wengi na kuwakataza wenzake wasimponye yeye. Kweli, mganga hajigangi.