Ukurasa wa Pili wa Mzee Kajiru

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana vitabu vilikwishakuwapo na watu walikwishaanza kuvisoma kwa pupa, palikuwa na mzee aitwaye Kajiru, mzaliwa wa Irindi, milimani Upare. Maisha yake yote aliandika kitabu kimoja tu, kuhusu ndiva ya kwao, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Naye alikuwa na adabu yake: kabla ya kumpinga mtu, humpa ukurasa mzima aseme, tena aseme vizuri. Ndipo amjibu ukurasa wa pili.

Basi ukurasa mmoja ulisema, "Watu wa Irindi hawakuchimba ndiva hii. Waliipora." Hayo ni maneno ya wapinzani. Ukurasa uliofuata, Kajiru aliyabomoa yote.

Akatokea Nakiete, mwanafunzi wa uzamivu, ana sura ya tasnifu ya kuandika, ile ya kupitia vitabu vya waliotangulia, na mtoto mchanga mgongoni. Vitabu vilimzidi. Akamwomba binamu yake Elinaja, "Nisomee, uniandikie kadi."

Elinaja akasoma. Akanakili ule ukurasa wa wapinzani, juu ya kadi akaandika "Kajiru", akafunga kitabu.

Nakiete akachukua kadi, akaandika, "Kajiru anathibitisha kuwa Irindi waliipora ndiva." Kitabu hakukifungua.

Sura ikaenda kwa msimamizi wake, Profesa Shemaghembe, aliyefundishwa na Kajiru mwenyewe. Profesa akashtuka. Pembeni mwa sentensi hiyo akaandika "Hakiki", akatia sahihi sura ipite. Neno moja, jamani! Na kurasa za Nakiete zilijaa "hakiki" tele, hiyo nayo mwenyewe akairuka.

Kisha, kwa uungwana, Nakiete akapanda Irindi kuwasomea wenyeji alichoandika. Lo! Wazee wakamwendea Kajiru kitandani, anaumwa.

"Umetuita wezi?"

"Fungueni ukurasa unaofuata," akajibu.

Kitabu chenyewe kiko mjini, maktabani. Wakaona anawadharau, wakatoka. Tangu hapo hakuna aliyekwenda kumpa pole. Akafa hivyo hivyo, na mimi inaniuma hadi leo.

Habari ilipowafikia wale watatu, walikifungua kitabu, wakaona. Wakapanda mlima. Wakakuta maiti ndani, kaburi halijachimbwa, vijana wamegoma.

Mjane, Mama Namsifu, akawaambia, "Sitaki rambirambi. Watu wako nje, wamekubali kusikiliza mara moja tu. Mmoja wenu atoke aseme, 'Aliyewatukana ni mimi.' Mmoja. Mkitoka watatu mkaanza kusukumiana, watarudi makwao, na mume wangu nitamzika na nani?"

Elinaja akasema, "Mama, mimi nilinakili sawasawa, hata nukta sikukosea. Neno 'anathibitisha' si langu."

Nakiete akasema huku analia, "Ni langu. Lakini kadi iliniambia Kajiru. Mimi sikujua. Profesa, wewe ulijua!"

Profesa akainama. "Nilijua, nikaonya. Mtu akionywa na bado hafungui kitabu, nimfungulie mimi?"

Mama Namsifu akaenda akafungua mlango, akasimama pembeni kumpisha atakayetoka.

Haya, nyinyi mnaonitazama. Asiniambie mtu "wote watatu"; mjane amekwishakataa. Maiti iko ndani, jua linazama, majembe yamelala chini. Je, nani alistahili kutoka?