Nyundo ya Kwa Riungu

Chura hana kisima, ana koo tu. Ng'ombe mwenye kiu hamwombi ruhusa. Ndiyo maana ya methali isemayo kuwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na asiyeamini na amuulize Mukami, karani wa chama cha wakulima wa chai.

Kwa Riungu, mkahawa wa mtaani Kinoru, palisifika kwa mbuzi choma na kokteli kali iliyoitwa Nyundo. Glasi moja ilimfanya mtu mzima asalimie kiti. Mwaka juzi Mukami alibugia nne, akarudishwa nyumbani amefungwa kwa leso mgongoni mwa mwendesha bodaboda kama gunia la kabichi. Aliyeifungua leso ile ni Sheila, bintiye wa miaka kumi. Juma hilohilo nyanya yake alimchukua, akaenda kuishi naye Runyenjes.

Tangu hapo Mukami hakuonja hata tone. Leo nyanya, ambaye Sheila humwita shosho, alikuwa amemleta mtoto. "Kula naye," alisema. "Akitaka kubaki na wewe, abaki. Akikataa, narudi naye jioni."

Sheila alisita mlangoni, begi la nguo kifuani. "Mum, si tuende kwingine?"

"Nilikatazwa pombe, mwanangu. Mbuzi sikukatazwa."

Wakaketi katikati ya ukumbi, mchana peupe. Hawakuwa wamemaliza mbavu za kwanza Thuranira alipomwona. Huyu ndiye aliyekuwa akilewa naye enzi hizo.

"Aii! Mama Sheila!" alipaaza sauti. "Leo utafungwa na leso ya nani?"

Meza yake ikaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mlevi haachangi, huwa anapumzika tu!"

Mukami aliona uso wa mtoto ukishuka, moyo ukamwuma kweli. Hata hivyo alichagua kipande kinono, akamwekea Sheila kwenye sahani. Yeye mwenyewe akaendelea kutafuna polepole, kama mtu aliye kwake.

Thuranira hakukoma. Alikuja mwenyewe na glasi ya Nyundo, akaitua mbele yake. "Kunywa, mami. Ama unaogopa mtoto?"

Harufu ya limau na pombe ilimpanda Mukami puani. Mate yalimjaa, hatuwezi kudanganya. Mkono wake ukaishika glasi. Sheila akalivuta begi lake kutoka chini ya kiti.

"Kanana," Mukami alimwita mhudumu, "niletee beseni la kunawia."

Beseni likaja. Mukami akainamisha glasi na kumimina Nyundo yote mikononi, akasugua mafuta ya mbuzi kidole kwa kidole, hadi kwenye kucha.

"Asante, Thuranira," alisema. "Limau yake inakata mafuta vizuri. Ukileta ingine, mtoto pia atanawa."

Kicheko kilichofuata kilimrudisha Thuranira mezani kwake mbio. Hata wenzake walikuwa wakimcheka.

Sheila alisimama, begi mgongoni.

"Mum, tumwambie shosho aende tu," mtoto alisema. "Na hii mbuzi imebaki tufungiwe, tukule kesho kwetu."

Wakatoka wameshikana mikono, ya mama ikinukia limau, na nyuma yao mtu akipiga mluzi wa dhihaka. Hakuna aliyegeuka. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.