Sili Watatu wa Pembe

Hadithi inabisha hodi! Mkaribisheni mgeni huyo, hata kama amekuja na baridi yake.

Katika nchi ambako bahari huganda ikawa kama sakafu, aliishi mjane Atuat na bintiye Miki. Njaa ilipoingia, walibaki na sili watatu tu, wanyama wa baharini aliowachonga marehemu mume wa Atuat kwa pembe, kila mmoja mdogo kama ncha ya kidole gumba. Marehemu alikuwa amemwusia mkewe: "Mkizidiwa, mweke mmoja juu ya barafu, umwite. Ila ukimchinja, mtie maji matamu mdomoni. Maskini, maisha yake yote ni chumvi."

Akamwita wa kwanza, akawa sili mzima. Wakamnywesha, wakala. Akamwita wa pili. Wakamnywesha, wakala. Njaa haikuondoka.

Alipomchinja wa tatu, taa ilikuwa imezimika, hapakuwa na moto wa kuyeyushia theluji. Kikombeni mlibaki funda moja la maji.

"Mama, kiu," Miki akanong'ona.

Atuat akamtazama sili, akamtazama mwanawe. Jamani, mngefanyaje nyinyi? Akamnywesha mtoto.

Papo hapo nyama ikaanza kugeuka pembe, kuanzia mkiani. Atuat akaikata upesi upesi, kisu kikavunjika.

"Nimekuua, mwanangu!" akalia.

Miki hakujibu. Alitambaa hadi kichwani pa sili, akabandika mdomo wake kwenye mdomo wa mnyama.

Lile funda hakuwa amelimeza.

Pembe ikalainika, ikarudi kuwa nyama. Nawe baridi, shika njia yako. Hadithi yetu imeshakunywa.