Ukuta Uliolia Upande wa Chini

"Maji hayaulizi jembe ni la nani." Leo mmeisikia hiyo mkutanoni, pale Mzee Mrindoko alipowanyamazisha walionung'unika kwamba pembe ya ndiva imekabidhiwa msichana. Na wewe Niwael, msichana mwenyewe, badala ya kukaa huko upongezwe, umemkokota kaka yako Tumsifu mpaka jikoni kwangu, miguu imejaa tope, eti mnataka kujua methali imetoka wapi. Haya, ketini. Vuteni huo ungo mnichambulie maharage, maana mikono ikikaa bure masikio nayo husinzia.

Imetoka hapa hapa Vuasha. Aliyeitamka mara ya kwanza ni babu yangu mzaa baba, Mzee Kirita, na aliyemfanya aitamke ni mama yangu, Nakijwa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kwa bahati njema hawakupingana hata kidogo.

Ndiva mnaijua, hilo bwawa letu la ukuta wa udongo, mnaogelea humo mkidhani sijui. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi mlinzi hupuliza pembe, yanafunguliwa na kushuka kwa mifereji kwenye mashamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku hizo ndiva ilikuwa ya wanaume. Walioijenga ni wanaume, walioilinda ni wanaume, na pembe ilipolia kuita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji au kukandika ukuta, waliopanda ni wanaume watupu. Mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga ukuta wala kuutia jembe lake. Ilisemwa kwamba akifanya hivyo ndiva itakauka. Palikuwa na jiwe kubwa jeusi kando ya njia, na hapo ndipo mwisho wa mwanamke. Wanawake walipika makande, wakayapandisha mlimani na watoto mgongoni, wakayatua kwenye lile jiwe, wakarudi. Makande yao yalifika ukutani, wao hawakufika. Tumsifu, usicheke. Au cheka, mama yangu naye alikuwa akicheka akifika hapo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Wanaume walisimama juu ya ukuta, kwa hiyo walichokiona ni maji yaliyojaa. Wanawake walichota maji ya kunywa kwenye chemchemi iliyo bondeni, chini ya ukuta, kwa hiyo walichokiona ni mgongo wa ukuta. Ukuta wa udongo ukitaka kuvuja huanza kulia kwa nje, chini, siyo juu. Basi ikawa hivi: walioweza kuuona ugonjwa hawakuruhusiwa kuugusa, na walioruhusiwa kuugusa hawakuwa mahali pa kuuona. Watu wazima wenye akili zao waliishi hivyo miaka na miaka, na kila ukuta ulipobomoka walitafuta mwanamke wa kumlaumu kwamba alipita karibu.

Mama yangu alikuwa ameolewa hapa misimu miwili tu. Ulikuwa wakati mgumu. Mvua ziligoma, njaa ikapiga hodi kila nyumba, watu wakala hadi mbegu. Maharage yaliyokuwa shambani mwaka huo yalipandwa kwa mbegu za mwisho kabisa, zile ambazo watu walizifungia kwenye vibuyu wakazificha hata wasizione wenyewe. Yakaota, yakaanza kutoa maua. Yalihitaji maji ya ndiva mpaka yatunge, basi. Yakikosa, hapakuwa na mbegu nyingine ya kupanda.

Siku moja Nakijwa akiwa chemchemini aliona ukuta umelowa, na maji yanayotoka yana tope. Akapanda mpaka kwenye jiwe, akamwita baba mkwe wake, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndiva.

"Baba, ukuta unalia."

"Unalia wapi, mkwe wangu? Mimi nimesimama juu ya ukuta huu tangu sijaota ndevu. Ndiva imejaa pomoni."

"Huku chini, baba."

"Basi huko chini, chota maji."

Hakumjibu kwa ubaya, mama yangu alikuwa akimtetea. Alimjibu kama alivyojibiwa kila mwanamke aliyewahi kusema neno juu ya ndiva. Nakijwa akajitwika mtungi wake, akaenda zake.

Siku chache baadaye wanaume wote walikwenda maziko kijiji cha pili. Mzee Kirita alibaki kwa sababu ya goti lake bovu. Jua lilipopanda kidogo ukuta ukafumuka, pale pale penye kulia. Maji yakaanza kutoka kwa kishindo, siyo kwenda kwenye mifereji bali kuporomokea korongoni, kusiko na hata shina la muhogo. Mzee akashika jembe, akajaribu kusukumia udongo kutoka juu. Udongo ukawa unachukuliwa kabla haujatua. Goti likamsaliti, akaanguka, na jembe likamponyoka likaenda na maji. Akabaki amekaa ukutani, mikono mitupu, akipiga yowe mahali ambapo mwanamume wa kusikia hayupo.

Aliyesikia ni Nakijwa. Alikuwa akipalilia, akaja mbio na jembe lake la palizi begani. Akafika kwenye jiwe. Akasimama.

"Baba, nivuke?"

Mzee akalitazama jiwe.

"Baba, nivuke?"

"Mwanangu, hata mama mkwe wako, Mungu amrehemu, hakuvuka jiwe hilo. Tuliishi naye mpaka akazeeka. Hakuvuka."

"Najua, baba. Na mimi sitavuka bila neno lako. Lakini maji hayatanisubiri nilipate."

Babu yangu aliniambia kwamba hapo aliyatazama mambo mawili. Alitazama maji yakiishia korongoni. Halafu akatazama mashamba kule chini, maua meupe ya maharage yametandaa, na akawaona watoto wa kijiji kizima humo. Aliogopa. Aliniambia wazi, "Mjukuu wangu, niliogopa kuliko siku yoyote." Mtu akiambiwa jambo na baba yake, na baba yake akaambiwa na babu yake, kulivunja siyo mchezo. Hawakuwa wajinga wale wazee, walikuwa wakiyalinda maji yao kwa namna waliyoijua.

"Vuka," akasema. "Vuka, na kama ni laana inianze mimi."

Nakijwa akavuka. Mzee akamwambia, "Waite na wenzako." Nakijwa akapiga ukelele uliofika mpaka mitoni. Wanawake wakaja na majembe ya palizi, na vikapu, na wengine na kanga tu za kubebea udongo. Walipofika kwenye jiwe walisita, kila mmoja. Mzee Kirita akawa anawaambia mmoja mmoja, "Pita, mama. Pita." Akakaa juu, akielekeza wapi maji yanasukuma. Wao wakafanya kazi chini, wakimwambia wapi panavuja. Ukuta ule haukuwahi kutazamwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Wakajaza migomba, mawe na udongo wa mfinyanzi, wakakanyaga, wakajaza tena, mpaka maji yakakubali kukaa. Yaliyobaki yalikuwa kama nusu ya ndiva.

Wanaume waliporudi walikuta wake zao wamejaa udongo mpaka nyusi. Siwaambii kelele zilizopigwa. Aliyekuwa mkali kuliko wote ni Mzee Senkondo, mtu mwenye maneno kama siafu, yakikuingia huna raha. Kulipokucha wote wakakusanyika ndivani, naye akasema, "Udongo wote uliochimbwa kwa majembe ya wanawake utolewe. Tujenge upya. Ndipo maji yafunguliwe."

"Tukiutoa," akasema Mzee Kirita, "nusu iliyobaki nayo itakwenda."

"Heri iende kuliko kunywesha mashamba laana."

Babu yangu alikuwa mpole, lakini mpole naye ana siku yake. Akachechemea mpaka kwenye mlango wa ndiva, akashika kizibo. "Leo zamu ni ya nani?" akauliza.

Zamu ilikuwa ya Senkondo.

"Senkondo ndugu yangu, nafungua. Ukiona maji haya hayafai, sema tu, tumpe anayefuata."

Akakivuta kizibo. Maji yakaingia mferejini kama yalivyoingia siku zote, yakapinda kwenye kona, yakapita penye mwanzi, yakashuka shambani kwa Senkondo na kulowesha tuta la kwanza. Watu walikuwa wameinama wakiyaangalia kana kwamba hawajawahi kuona maji. Babu akasema, taratibu, kama anajisemea mwenyewe, "Nilidhani yatasimama. Nilidhani yatageuka yatuulize. Kumbe maji hayaulizi jembe ni la nani."

Senkondo akatazama maharage yake. Akakohoa. "Zamu ni zamu," akasema, akashuka kwenda kuyaongoza maji yake.

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo mabishano yasingeifanya. Sisemi wote waligeuka siku hiyo. Senkondo mwenyewe alichukua muda mrefu kukubali kufanya kazi ukutani bega kwa bega na mkewe. Lakini alifika, na nilipokuwa msichana yeye ndiye aliyewafokea vijana waliochelewa, akiwaambia wake zao wameshafika.

Kwenye msaragambo uliofuata palikuwa na neno moja la kuamua. Pembe ilikuwa na mlio wa kuwaita wanaume, na mlio wa kuwaita wanawake haukuwapo. Wakamuuliza Mzee Kirita atapuliza vipi. Akasema, "Nitapuliza ule ule. Mwenye masikio apande." Wakapanda wote. Wakalibingirisha lile jiwe jeusi, wakalipachika ukutani upande wa chini, pale palipofumuka. Lipo mpaka leo. Niwael, jana ulikuwa umelikalia unanawa miguu.

Makande yalipofika, babu akamwita mama yangu mbele ya watu. Mama alidhani anatumwa maji. Mzee akavua kofia yake.

"Mkwe wangu, mama mkwe wako Namkunda aliwahi kuniambia ukuta unalia. Nilimwambia anyamaze, na mwaka ule tulipoteza mahindi yote. Sikuwahi kumwomba radhi wala kumwambia asante, akaondoka. Leo nakushukuru wewe, Nakijwa. Na asante yake naiweka mikononi mwako, kwa kuwa sina pa kuipeleka."

Mama yangu alilia, naye hakuwa mtu wa kulia. Maharage ya mwaka ule yalitunga. Mbegu ikapatikana, na mbegu hiyo ndiyo iliyozaa mbegu iliyozaa haya mnayochambua sasa hivi. Kwa hiyo msitupe hata moja, Tumsifu, nakuona.

Mimi huwa nashukuru mara mbili nikiikumbuka siku hiyo. Namshukuru mama kwa kuvuka. Lakini namshukuru pia yule mzee, aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza, goti linamuuma, mila za baba zake ziko mabegani, akasema "vuka". Kuvuka kunataka miguu. Kumwambia mwenzako avuke ni lazima kwanza ulegeze kitu ulichokuwa umekishikilia maisha yako yote.

Sasa wewe, mwanangu. Kesho alfajiri utapuliza pembe kwa mara ya kwanza. Wapo watakaotega masikio wasikie kama mlio wa msichana ni mwembamba. Usijali. Puliza ule ule wa babu yangu, kisha shuka ufungue kizibo, usimame kando utazame yanavyoshuka. Nami nitakuwa kule chini kwenye tuta langu nayasubiri, maana kesho zamu ni yangu, na maji, wajukuu zangu, hayaulizi jembe ni la nani.